Mkwaju wa Jumamosi

Riverside, Buffalo
Tarehe 18 Agosti

Kwa kaka yangu Rugamba,

Bwana asifiwe, kaka. Nakusalimu wewe, wifi na watoto wote hapo Louisville. Je, mgongo umetulia? Mara ya mwisho uliniambia joto la kiwandani linawafanya mlowe mashati hadi kwenye mkanda, nikakuombea mvua. Sijui kama ilinyesha.

Sisi huku hatujambo. Blessing amerudi chuoni mapema kuliko wenzake kwa sababu ya ile timu. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kwa simu nisingeweza, maana ungeanza kuuliza habari za goti na mimi ningejibu kama nilivyozoea. Ujumbe wa sauti nao ungezunguka familia nzima kabla hujamaliza kuusikiliza. Karatasi hii ni yako peke yako.

Juzi Jumamosi nilikwenda uwanjani. Unajua chuo cha binti yangu kina timu ya futiboli ya Wamarekani, ile ya mpira ulio kama yai na kofia ngumu. Blessing anasomea tiba ya viungo, na kazi yake pale ni kuwafunga wachezaji vifundo vya miguu kabla ya mazoezi. Kila mwaka, msimu ukikaribia, wanawafungulia mashabiki milango siku moja ili waone mambo ya ndani. Aliniomba niende. Nilikataa mara tatu, nikisema goti. Alinijibu kwamba viti viko kila mahali.

Bon, nikaenda na mkongojo wangu. Kaka, sikujua mchezo una nyumba kubwa namna ile. Tulipitishwa chumba cha kubadilishia nguo, kila mchezaji ana kabati lenye jina lake, na viatu vya ukubwa ambao wewe na mimi tungeingiza miguu yote miwili katika kimoja. Kuna chumba cha giza wanachokaa kutazama makosa yao kwenye ukuta. Mzee mmoja shabiki, aliyekuwa amevaa jezi iliyopauka kwa kufuliwa, alilia alipogusa kofia ya namba aliyoipenda tangu ujana wake. Nilimwonea huruma kwanza, halafu nikamwonea wivu.

Mwishoni tukafika kwenye chumba cha tiba, anapofanya kazi Blessing. Kunanuka dawa ya kuchua, na kuna mabafu ya chuma yaliyojaa barafu. Nilisimama mlangoni nikamtazama binti yangu, msichana mwembamba yule, akiwaonyesha wageni jinsi ya kufunga mguu. Lile jitu lililolala mezani lilikuwa limetulia kama mtoto anayekatwa kucha. Watu walimpigia makofi. Nilitamani marehemu baba yake angekuwepo.

Katika chumba hicho alikuwepo mchezaji anayeitwa Erick, ana kovu gotini sawasawa na langu. Blessing alitutambulisha. Erick alinieleza kwamba alipasuliwa mwezi wa nne, upasuaji uleule, na sasa anakimbia. Akaniuliza mimi nilipasuliwa lini. Nikasema mwezi wa pili. Alitazama mkongojo wangu, kisha akaangalia pembeni kwa adabu.

Kaka, heri angenicheka.

Tukatoka nje uwanjani. Huko waliweka mpira juu ya kishikizo kidogo cha plastiki, hatua ishirini hivi kutoka kwenye ile milingoti ya njano, na shabiki yeyote aliruhusiwa kujaribu kuupitisha katikati. Wanaume wakubwa walijaribu. Mmoja alipiga nyasi. Mwingine mpira wake ulimkimbilia mpiga picha. Blessing aliniletea kiti, nami nikawa naangalia jinsi walivyokuwa wakiupiga kwa vidole, nikajua kosa lao. Unakumbuka kule kwetu Minembwe tulipochunga ng'ombe, wewe ukikaa golini kati ya fimbo mbili? Unakumbuka nilivyokuwa nakufunga kwa upande wa mguu?

Mwalimu wa timu aliuliza kama yuko mwingine. Nikasimama. Nilimkabidhi Blessing mkongojo na sketi yangu nikaikunja kiunoni kidogo. Watu walidhani natania. Mwalimu mwenyewe alikuja akaniuliza taratibu kama nina uhakika, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kazini ghalani kwamba ndiyo.

Nilirudi nyuma hatua nne, nikakimbia. Mguu wa kushoto, huo huo wa goti, niliukita ardhini na mwili wote nikauegemeza juu yake. Haukutetereka. Wa kulia ukaupiga mpira. Ulipanda ukiyumba, kisha ukapita katikati ya milingoti na nafasi ikabaki.

Sijui nikuelezeje kelele zile. Yule mzee wa jezi alinikumbatia. Wachezaji walikuja mbio wakaninyanyua juu, mimi mama wa miaka arobaini na saba, nikiwa nimeshika kilemba kisidondoke. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Tangu nifike Amerika sijawahi kuitwa jina langu na watu wengi hivyo: "Vestine! Vestine!"

Mtu alirekodi. Video itakufikia, kama haijakufikia, na utauliza goti gani hilo. Donc, nataka jibu ulipate kwangu.

Goti lilipona, kaka. Tangu mwezi wa tano. Daktari aliniambia niache mkongojo, nami sikumwambia mtu. Nilipoanguka kule ghalani, ninyi wote mlianza kunipigia kila jioni. Ndugu yetu Mukandoli aliendesha gari kutoka Columbus saa tano nzima kuja kunipikia, mara sita. Wewe ulinipakia rangi chumba nije nikae kwako. Kabla ya hapo, baada ya kumzika mume wangu, simu yangu ilikuwa ikilala kimya wiki nzima. Niliogopa kwamba nikipona mtanyamaza tena. Na niliogopa kurudi kazini. Hivyo niliwadanganya, na mlipotokwa jasho kwa ajili yangu nilikubali tu.

Blessing alijua. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilianza kumwambia, akanikatiza. "Mama, miguu yako yote miwili ina unene sawa. Asiyetembea, mguu wake hukonda. Nilikuwa nakusubiri."

Jumatatu ijayo narudi ghalani. Louisville sitahamia, chumba mpe mtoto mmojawapo, na nitakuja kukiona kama mgeni. Mukandoli usimwambie. Jumamosi nachukua basi hadi Columbus nimwambie mwenyewe, usoni. Nisamehe, kaka. Sikukosa upendo wenu, nilikosa kuuomba.

Msalimie wifi sana, na Mchungaji, na wote wanaoniulizia. Ukishasoma nipigie. Kama una hasira, piga hivyo hivyo. Nitapokea nikiwa nimesimama.

Mdogo wako akupendaye,
Vestine