Sufuria la Jumuiya Nyuma ya Mlango

Fausta na Damiano,

Bajaji imefika nyie bado mko shamba, nimetangulia hospitali na jirani yetu Lusia. Kuku hawajala. Mpunga uanueni kabla ya mvua.

Asubuhi daktari kanipigia simu, ule upasuaji tuliokuwa tunaungoja ni leo. Atanifungua tumbo mara moja amalize yote: ngiri, mawe ya nyongo na uvimbe wa kizazi. Anasema moyo wangu hautavumilia nusu kaputi mara mbili, na hata hiyo moja hana uhakika. Nikamwambia akiwa humo ndani anitafutie na kijiko changu kilichopotea. Hakucheka. Daktari asipocheka, mgonjwa anaelewa.

Halafu nimeingia stoo kuchukua kanga, nikakuta nyuma ya mlango lile sufuria kubwa la jumuiya, la kupikia msibani. Kumbe mmeshaliazima! Nyie watu, hata sijapasuliwa! Si mngelifunika gunia basi. Nimeumia, kisha nikacheka mpaka ngiri ikauma.

~~Lirudisheni leo hii kwa mama Felisiani.~~

Nimefuta. Liacheni hapo hapo. Zito lile, mtalibeba mara mbili bure.

Ila Fausta, wali usiuunguze kama ule wa Pasaka.

Mama mkwe wako