Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Namkunda mjukuu wangu,

Marahaba. Babu yako amepona goti, na tangawizi mwaka huu imekubali. Ati unataka kuacha kozi ya malori kwa sababu mwalimu anaona unafaa kukata tiketi?

Nilipofanya mtihani wa udereva hapa Same, miaka ile ya kukosa spea, lori la baba halikuwa na breki ya mkono. Wanaume watatu walitangulia na lori hilohilo, kila mmoja akasimamishwa mlimani na kuliondoa tena bila msaada. Zamu yangu ilipofika, afande alinisimamisha katikati ya mlima, akashuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

“La nini?” nikamuuliza.

“Utarudi nyuma, binti.”

“Litoe, afande. Kisha usimame wewe hapo lilipokuwa.”

Alilitoa, ila akaenda kusimama pembeni, mbali. Nikaachia klachi taratibu huku nikikanyaga mafuta, lori likapanda bila kurudi hata kidogo. Sikusimama mpaka juu kabisa. Afande alipanda mlima wote kwa miguu, jasho linamtoka, kuja kunisainia karatasi.

Huyo mwalimu wako mwambie atafute viatu vizuri vya kutembelea.

Bibi yako, dereva.