Neno la Saba Ni Mimi

Dani, bibi yangu,

Tangu tukuzike nimekuita kimoyomoyo tu. Leo nakuandikia mbele ya watu, kwa sababu wale wenzako sita wa chama huja kila asubuhi kwenye kibanda chako cha omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Kisumu Ndogo kuniuliza akiba yao itatokaje.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipokukataza bitcoin? "Na shule yako yote," ulisema, "hujui pesa inaweza kukaa hewani!" Akiba ya chama ikahamia kwenye simu yako. Kijana aliyewafundisha alikusomea maneno ya siri kumi na mawili ya Kiingereza, ya kufungulia akiba hiyo kwenye simu yoyote, akakutafsiria, akakuonya usiyaandike popote. Ukayashika kwa Kiswahili. Nilikuona ukipima omena, kopo moja la gorogoro, neno moja, midomo ikicheza. Nikisogea, unanyamaza. Wateja wakiuliza mimi ni nani, unawajibu, "Huyu? Mzigo wangu. Mamake aliniachia, nitautua lini?" Wanacheka. Nami nilicheka nao.

Sasa imekuja sheria mpya ya sarafu za mtandaoni. Kampuni isiyo na leseni ifunge, kila mteja ajulikane kwa kitambulisho. Siilaumu serikali, kule Kawangware jamaa alitoroka na akiba za watu, wakakosa pa kushtaki. Lakini kampuni inayotunza akiba yenu haina leseni, inafunga mwisho wa mwezi, na simu yako iliibwa siku ya mazishi. Nilienda kwa ofisa mmoja. Alinisikiliza vizuri tu, kisha akasema, "Madam, sheria inalinda aliyejisajili. Shosho yako hakuacha hata jina. Tafuta hayo maneno."

Mama Atis, mwenyekiti wenu, hakai chini siku hizi. "Nyathina, mwanangu, wakifunga hiyo kitu si tumeisha? Fees ya huyu mtoto wangu iko huko yote!" Namwambia atulie, kisha narudi kwenye maneno yako.

Maneno ulinipa wodini, nikayaandika nyuma ya kadi ya hospitali. Chumvi na samaki hayakunisumbua. Njia ilinitesa, maana Kiingereza kina njia nyingi: road, path, way, route. Kila jaribio nazipitia zote, moja baada ya nyingine.

Linaloniogopesha ni la saba. Ulinishika mkono ukasema, "La saba ni wewe." Nikadhani unanitania. Ukatabasamu, ukalala, hukuamka tena.

Nimejaribu child. Nimejaribu girl, baby, kid. Jana nilijaribu joy, nikiwa na matumaini makubwa mno, nayo ikakataa. Kwenye orodha ya maneno yanayokubalika nimebakiza burden tu. Mzigo. Nimeliandika mara tatu nikalifuta.

Zimebaki siku nne na wanawake wako wanangoja, kwa hiyo kesho nitalibonyeza. Niombee likatae, Dani. Hapana. Niombee likubali.

Mjukuu wako,
ambaye hujamtua bado