Mtoto wa Lita Kumi na Sita

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepewa bomba la Vailet.

Mwaka mzima nimekaa mezani pale ofisini, kazi yangu kupokea simu za watu wenye kunguni. Leo bosi, Zubeir, kaja kaniambia: Juliana inuka, wapuliza dawa hawatoshi, na mtaani kuna posho. Nikainuka. Blessing ana miezi tisa, baba yake Lusajo yuko na lori huko Tunduma, akirudi amerudi. Ningekataa tukale nini?

Bomba lenyewe ni la plastiki, la kuvaa mgongoni, lita kumi na sita. Likijaa unalisikia mpaka kwenye magoti. Mfuniko wake hauzibi – ukiinama tu, dawa inakutiririkia mgongoni. Nimemwambia Zubeir. Kachukua kipande cha ndala iliyokatika, kakichonga duara, kakibana pale. Ndala! Eti Vailet alilibeba miaka miwili na hakulalamika.

Vailet si mtu wa kulalamika. Tangu amzike mwanawe Sospeter mwezi Machi hajarudi kazini, yuko kwao Marui. Nasikia mikono inamtetemeka.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeanza. Mtaa wa Kwa Mfipa.

Kunguni ni aibu jamani. Mtu atakwambia mume kamkimbia, atakwambia amefilisika, lakini kunguni hasemi ng'o. Kwa hiyo hataki jirani aone bomba linaingia kwake. Vailet ndiye aliyebuni njia: bomba unalivaa, juu yake unafunga khanga, unatembea kama mama na mtoto wake. Unapiga hodi kama mgeni. Ovaroli na glavu unavaa ukishaingia ndani. Zubeir akaipenda, siku hizi ndiyo desturi yetu sisi wanawake. "Kwetu utasitirika," ndivyo anavyowaambia wateja.

Basi nikatembea na mtoto wangu wa plastiki. Watu wanapisha njia! Dada mmoja kaniuliza mtoto kalala? Nikajibu kalala, tangu asubuhi hajasumbua. Nikacheka mwenyewe mpaka kona.

Na khanga inasaidia. Inanyonya ile inayovuja, mikanda haikati sana.

Jioni nimemvua wa plastiki nikamfunga wa kweli. Khanga ileile, mgongo uleule. Jirani yangu Mama Evance, anayenishikia Blessing mchana, kacheka mpaka kajishika kiuno. Kasema mimi sasa nina pacha.

Alhamisi, 7 Agosti

Kesho Nane Nane, kwetu hakuna sikukuu. Kunguni nao hawapumziki.

Leo nilikuwa mtaa wa Picha ya Ndege. Mwalimu mmoja kanitambulisha kwa jirani kuwa mimi ni binamu yake kutoka Mbeya. Binamu na mzigo unaosema chubwi, chubwi kila anapopiga hatua.

Kichwa kinauma. Macho yanatoa machozi yenyewe. Na hiki kitu nakiandika hapa tu: nimelala chali na bado nausikia uzito mgongoni. Nimepapasa mara mbili. Hakuna kitu.

Jumatatu, 11 Agosti

Mlandizi. Sikuipenda siku hii.

Bibi mmoja alikuwa kizingitini kwake anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akainuka amwone mjukuu. Kabla sijasogea ameshainua pembe ya khanga.

Akachungulia. Kisha akaniuliza taratibu: "Mama, mbona mtoto wako hana kichwa?"

Nikasema ni kifaa cha kazi, bibi. Hakucheka. Mkono uliogusa khanga akaupangusa kwenye gauni, mara nyingi, akaingia ndani akafunga mlango. Mchele akauacha nje na kuku walikuwa pale pale.

Nimefika nyumbani nimemwamsha Blessing usingizini nimtazame kichwa. Nimekuwa mjinga kiasi hicho.

Jumatano, 13 Agosti

Blessing hataki ziwa. Udenda unamtoka mpaka kifua kimelowa, jasho hata kwenye kivuli. Mama Evance kasema ni meno. Wote wameota hivyohivyo, kasema. Haya, meno.

Nikimfunga mgongoni ananyamaza. Ananyamaza sana. Leo nilikuwa nafagia, nikasahau ni yupi niliyembeba.

Jumamosi, 16 Agosti

Niko wodini, hospitali ya Tumbi. Naandika nyuma ya bahasha ya dawa, nitaibandika baadaye. Nisipoandika nitapiga kelele.

Jana jioni napika maharage, Blessing mgongoni. Nikasikia anatikisika. Nikadhani anacheza, nikamwambia tulia wewe. Hakutulia. Nilipomfungua, mikono imekakamaa, miguu inarusha, povu mdomoni.

Mama Evance akapiga ukunga – degedege! Hospitali usiende, degedege halidungwi sindano, ukimdunga anaondoka! Kuna mtu Kisarawe anafukiza, ampigie simu aje. Nami nikasimama pale na mwanangu mikononi, namsikiliza. Nilimsikiliza kweli. Degedege nimelisikia tangu nazaliwa, nikaliamini kuliko macho yangu. Kisha Blessing akafumbua macho, na mboni karibu hazikuwapo. Zilikuwa kama ncha ya sindano. Sijui nilipandaje bodaboda.

Daktari ni mdogo kwangu kwa umri, Dokta Margareth. Hakuuliza mengi. Akamwinamia mtoto, akanusa nywele. Akaninusa mimi, begani, bila hata samahani. Akaiondoa khanga kwa glavu, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo.

"Unafanya kazi gani, mama?"

Nikamwambia.

Wakamchania nguo zote. Wakamwosha kwa sabuni na maji mengi, kichwa mpaka vidole, wakamchoma sindano moja, wakangoja, wakamchoma nyingine. Na mimi nikaamriwa nikaoge, nisimguse mtoto kabla sijaoga. Daktari kaniambia sumu hii haina haja ya kupita mdomoni, ngozi inatosha, na ngozi ya mtoto ni laini, inainywa. Kuisuuza khanga kwa maji matupu, kama nilivyokuwa nafanya, hakuiondoi. Kila nilipomfunga nilikuwa namnywesha.

Namnywesha! Mimi!

Kaniuliza dawa inaitwaje. Sijui. Inakuja kwenye chupa za soda, ukitia maji inakuwa nyeupe kama maziwa. Nimempigia Zubeir. Kasema nimwambie daktari ni ya mimea tu.

Jumapili, 17 Agosti

Amenyonya. Kidogo, akachoka, akanyonya tena. Nimelia mpaka mama wa kitanda cha pili akaniletea maji.

Lakini nikifumba macho simwoni Blessing. Namwona Sospeter. Vailet alikuwa akirudi na bomba jioni, anamchukua mtoto palepale ofisini kwa binti aliyekuwa anamshika, anamfunga kwa khanga ileile mbele yangu. Mimi nimekaa kwenye kiti. Udenda – tukasema meno. Kimya – tukasema ana adabu. Siku ya mwisho akatikisika, wakampeleka kufukizwa. Tukaenda kuzika Marui kwenye mvua, ofisi nzima, na mimi ndiye niliyekuwa nagawa chai msibani huku nasema degedege halina huruma.

Halikuwa degedege.

Jumatano, 20 Agosti

Tumeruhusiwa. Nyumba naiogopa. Nimefua hata mapazia.

Zubeir alishampa mwenzetu Paskalia lile bomba, ndala na yote. Paskalia ananyonyesha! Nimemfuata mpaka kwake, nikamweleza nimesimama mlangoni. Khanga yake ya kazi kaichomea uani, kisha akakaa chini akamkagua mwanawe macho, moja moja, akimgeuzia mwanga. Kesho harudi kazini. Tumekubaliana twende pamoja kwa watu wa usalama kazini, tukashitaki.

Dokta Margareth alisema kila aliyebeba bomba lile aje apimwe. Kila aliyelibeba. Vailet na mikono yake.

Mama Evance ananisihi nisiende. Kasema Vailet amekwisha kumwachia Mungu, nikimwambia nitamzikia mtoto mara ya pili, na safari hii mwuaji ni yeye. Lusajo kwenye simu kasema hivyohivyo kwa maneno machache zaidi. Hayo yote nayajua. Lakini nisipomwambia, atakwenda kupimwa nini? Nitasema njoo upimwe, atasema kwa nini, na mimi sijui kudanganya bila kutazama chini.

Silali. Uzito uko palepale mgongoni, na sasa unapumua.

Jumamosi, 23 Agosti

Marui. Niko chumbani kwa Vailet, Blessing nimemlaza kitandani, mlango uko wazi.

Tulifika kabla jua halijawa kali. Vailet kakonda. Alipotupokea akafurahi mpaka nikaona haya. Akamimina chai, nusu ikaenda kwenye kisosi, akacheka, akasema mikono hii sasa imekuwa ya bibi yake. Akaomba mtoto. Nikampa. Akamnusa utosini kama anavyofanya kila mtu kwa mtoto, na mimi nikakumbuka daktari.

Akaniuliza alikuwa anaumwa nini, alisikia tulilazwa. Nikasema alishikwa na degedege – yaani, sisi tulidhani ni degedege. Nikasita pale. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, yote yakanikimbia.

Yeye ndiye akaendelea. Kasema mimi nina bahati, wake halikumwachia. Kisha akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki umefungwa vizuri. Khanga ya Sospeter. Ndiyo ile aliyokuwa akimbebea. Hajaifua tangu siku ile. Usiku akizidiwa anaifunika usoni mpaka apate usingizi.

"Nusa," akaniambia. "Bado ananukia."

Nikanusa. Kitunguu saumu na mafuta ya taa. Harufu ya dawa ya bomba, basi. Hakuna mtoto mle.

Nikasema ndiyo, ananukia. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

Blessing akaanza kulia usingizi. Vailet akasimama naye, akainama, akamweka mgongoni, akaikung'uta ile khanga amfunge. Nikapiga kelele – Hapana! Sikuwahi kumpigia mtu mzima kelele namna ile. Nikamvuta mtoto kwa nguvu, karibu nimwangushe.

Akabaki ameinama hivyohivyo, mikono nyuma, mgongo mtupu.

"Kwa nini, Juliana?"

Nikasema namlaza kwanza, nakuja. Nikamwosha kwa maji ya ndoo na sabuni, nikamlaza, na sasa naandika kwa sababu miguu imekataa kutoka. Namwona kutoka hapa. Amekaa kizingitini amenipa mgongo. Hajauliza mara ya pili. Khanga ameitandaza magotini. Anaiinua puani, anaishusha, anatazama lile doa kubwa la katikati, mahali pa mgongo. Anaiinua tena. Safari hii hanusi kama mtu anayemtafuta mwanawe.