Nilipoicheka Mashine, Shangazi Alinisikia

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Same.

Joto halijashuka. Upepo wa mji huu umepuliza vumbi tangu mchana. Nimefunga madirisha yote, na bado nikipitisha kidole mezani kinatoka na rangi ya udongo. Nimechoka. Miguu imevimba, lakini hiyo ni miguu tu. Nimechoka kuulizwa kama dunia inaisha.

Leo nimeulizwa mara mbili kabla hata sijanywa chai. Ya kwanza na dereva bodaboda pale kona ya sokoni: "Madam, lile shimo jeusi limeshafika wapi?" Akacheka. Ya pili na mama muuza maharage, na huyo hakucheka.

Kosa ni langu. Naandika hapa kwa sababu nililianzia hapa hapa, kwenye blogu hii.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nafundisha Kidato cha Nne mambo ya atomu, saa nane mchana, bati linachoma, nusu ya darasa inasinzia. Nikaweka chaki chini nikaanza kuwasimulia habari za ile mashine ya Ulaya, iliyochimbiwa chini ya ardhi katika duara kubwa kuliko mji wetu wote, ambamo chembe za ndani ya atomu zinakimbizwa karibu na kasi ya mwanga, kisha zinagonganishwa uso kwa uso ili watu waone dunia ilivyoanza.

Wakaamka wote. Sijawahi kuwaona hivyo. Nikamwambia kiranja arekodi kwa simu yangu, na jioni nikaiweka video hapa kwenye blogu.

Ndipo binti mmoja akanyoosha mkono. "Madam, sasa hiyo si inaweza kutulipua wote?"

Nikacheka. Nikamjibu, "Ikitulipua si mtafurahi? Hakutakuwa na mtihani wa taifa." Darasa likapasuka kwa vicheko, na mimi nikajisikia mwalimu bora kuliko wote wilayani.

Jibu la kweli nililitoa baada ya hapo. Niliwaambia kwamba kuna mionzi inayotoka angani yenye nguvu kuliko ya mashine hiyo, inaigonga hewa iliyo juu ya vichwa vyetu kila siku tangu zamani za zamani, na milima ya Upare bado imesimama. Lakini mtu mmoja, sijui nani, aliichukua video kwenye blogu akaikata. Akabakiza swali, kicheko changu na mzaha wangu tu. Akaweka juu yake sauti nzito ya kiume: "Mwalimu wa fizikia afichua siri. Dunia kulipuliwa, wao wanacheka."

Ikazunguka kwenye magrupu, na huko ikaongezewa kwamba mashine itazaa shimo jeusi la kuimeza dunia nzima. Kuna waliofurahia kama watu wanaosubiri fainali. Kuna waliolia. Mhubiri mmoja alisimama stendi siku mbili mfululizo akilitaja shimo jeusi kana kwamba amelichungulia. Mkuu wa shule akaniita, akasema tu, "Mwalimu, ungejibu swali la mtoto."

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini video ilipanda mlima.

Shangazi Nakijwa, dada yake baba, analima tangawizi kule Mamba, juu milimani. Mama yangu alipofariki nikiwa darasa la pili, yeye ndiye aliyenichukua, akanilea pamoja na wanawe, akauza mbuzi nikaenda sekondari. Mwishoni mwa mwaka jana aliambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari walisema bado inatibika, lakini dawa yake kubwa ni mionzi, na isicheleweshwe.

Nilikwenda naye hospitalini Moshi siku ya kupimwa na kuchorwa alama mwilini. Nilipoiona ile mashine ya matibabu nikashindwa kunyamaza. Nikamweleza shangazi, kwa maringo, kwamba hii nayo inakimbiza chembe ndogo kwa kasi ya ajabu, inazigongesha kwenye chuma na mionzi inatoka. "Ni mdogo wake ile kubwa ya Ulaya," nikamwambia. Nilidhani namtia moyo.

Jumatatu ilikuwa siku yake ya kwanza ya tiba. Hakutokea.

Nikapiga simu, akapokea mwanawe, kaka Elibariki. "Mama hataki," akasema. "Ameiona video yako. Anasema ikiwa mdogo wake ndiye huyo, hataki kujuana na ukoo mzima." Alitaka kucheka, akashindwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, njoo. Mimi hanisikilizi."

Nikaomba ruhusa hadi Ijumaa. Muuguzi wa hospitali aliniambia tukifika Alhamisi kabla ya saa nne watampokea. Jana alfajiri nikapanda basi hadi Ndungu, kisha bodaboda hadi juu, kona baada ya kona, baridi ikianza kunipiga vidole.

Nilimkuta uani anachambua tangawizi na jirani yake, Mama Upendo, mwenzake wa kwaya. Amepungua. Gauni lile la bluu lilikuwa linamning'inia mabegani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na gari la nani?"

"Na bodaboda."

"Na mgongo wako huo," akasema, akaendelea kuchambua.

Mama Upendo ndiye aliyeanza. Akaniuliza kwa upole kabisa, kama anayeulizia siku ya mnada: "Mwalimu, hiyo mashine wanaiwasha lini? Maana kuna watu hapa wamesema hawapandi msimu huu."

Nikapiga magoti pale pale udongoni, nikachukua kijiti, nikachora duara. Nikawaeleza chembe, kasi, mionzi ya angani. Nikaeleza kwamba chembe zikigongana, nguvu yake ni kama ya mbu wanaogongana, ila imebanwa mahali padogo sana. Niliifundisha fizikia vizuri kuliko nilivyowahi kuifundisha darasani. Mama Upendo akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe," akaaga akaenda zake.

Shangazi alisubiri jirani afike barabarani.

"Maneno yako ni mazuri," akasema. "Lakini mimi nilikusikia ukicheka. Mtoto amekuuliza kwa hofu, wewe unacheka. Sasa nitajuaje kama hapa huchezi?"



Ningeweza kumwambia video ilikatwa. Nilikuwa nimeliandaa hilo tangu Ndungu. Lakini kicheko hakikukatwa. Kilikuwa changu.

Nikamwambia ukweli. Nikasema, shangazi, nilicheka kwa sababu darasa lilikuwa limenipenda kwa dakika tano, na nilitaka wanipende kwa dakika nyingine tano. Nimefundisha miaka kumi na moja watoto wanaosinzia. Nilikosea.

Akaacha kuchambua. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Mimi sina habari na Ulaya," akasema. "Dunia ikiisha, tutaisha wote, kuna nini cha ajabu? Mimi nina neno moja tu. Ile siku, yule kijana wa hospitali alinionyesha chumba. Mlango wake mnene kama ukuta. Akaniambia, mama, mashine ikiwaka sisi sote tunatoka nje, wewe unabaki. Nikasema sawa. Lakini nimefika hapa nimejiuliza: kama si hatari, mbona wao wanakimbia?"

Wiki tatu nimejibu maswali ya shimo jeusi, na hilo ndilo lililokuwa swali.

Nikakaa chini kando yake, juu ya gunia. Nikamwambia ni hatari. Mionzi inaua. Inapelekwa pale penye ugonjwa ili iuue, imepimwa, inaelekezwa kwenye zile alama, na bado itagusa na sehemu nzima kidogo. Utachoka, utaharisha, pengine ngozi itawasha. Wale wa hospitali wakikaa ndani na kila mgonjwa, kila siku, miaka yote, itawaumiza bila kuwaponya chochote. Wewe una cha kuponywa. Na ikizimwa imezimwa, haibaki chumbani.

"Kwa hiyo ni sumu."

"Ni sumu yenye kipimo, shangazi."

"Na itaniponya?"

"Sijui. Daktari anasema nafasi ni nzuri. Usipokwenda, mwisho wake ninaujua."

Akatazama shamba lake. Akasema kitu kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, taratibu, nikasikia jina la marehemu mama yangu ndani yake, mengine sikuyashika. Kisha akauliza, "Wao wakitoka, wewe utakuwa wapi?"

"Mlangoni. Upande wa nje."

"Hutakwenda kuongea na simu?"

"Siendi popote."

Akainuka, akamwita Elibariki amshushie begi lililo juu ya kabati.

Jana jioni tukateremka, tukalala hapa kwangu. Leo tulifika hospitalini saa tatu na robo. Wakampa maji anywe na kumwambia asiende chooni, kibofu lazima kijae. Alilalamika kuliko alivyolalamikia saratani. "Mtu mzima unanyimwa choo," alimwambia muuguzi, na muuguzi akasema, "Pole mama, vumilia kidogo."

Kisha wakamwingiza, wakamlaza, wakatoka wote. Mlango ule ukajifunga taratibu. Taa nyekundu ikawaka juu yake.

Hapa ndipo ninapotaka kukiri jambo ambalo sitalisema darasani.

Niliogopa.

Ninajua mashine hiyo inavyofanya kazi. Ninaweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Lakini nilisimama mbele ya mlango ule, na kila fomula niliyowahi kuiandika ubaoni ilikaa pembeni ikinitazama. Dada wa mitambo aliniona, akaniita nitazame skrini yao. Shangazi alikuwa amelala mdogo, mdogo sana, chini ya lile dubwana lililokuwa likimzunguka. Midomo yake ilikuwa ikienda. Dada akabonyeza kitufe akamwambia kwenye kipaza sauti, "Mama, unaendelea vizuri, bado kidogo."

Sauti ya shangazi ikarudi, kavu kabisa: "Muulize huyo mwalimu kama yupo."

"Yupo hapa, mama."

"Haya."

Nikaona aibu kulia mbele ya watu wa mitambo, nikarudi mlangoni.

Haikufika robo saa. Alitoka akitembea mwenyewe, moja kwa moja hadi chooni. Alipotoka huko ndipo akanisemesha. "Hata joto sikulisikia," akasema, kwa namna ya mtu aliyeuziwa kitu pungufu. "Inalia kama mashine ya kusaga iliyo mbali."

Daktari alitupokea baadaye. Hakugomba. Alisema tu kwamba siku zilizopotea hazirudi, na ugonjwa huu hausubiri mtu, kwa hiyo tusikose tena hata moja. Wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Kuanzia wiki ijayo shangazi atakaa na Elibariki kwa binamu yetu Moshi, mimi nitakuwa nakwenda pale ratiba ya shule itakaponiruhusu.

Siku zilizopotea. Hilo neno limekaa nami njia nzima kurudi, kwenye dirisha la basi, nyanda za mkonge zikipita.

Kama hatapona, sitajua kamwe kama ni kwa sababu ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Hakuna kipimo cha kuonyesha hilo. Nitaishi na kutojua, na nadhani ninastahili.

Juzi nilirekodi video ya kusahihisha. Dakika sita, nimevaa vizuri, nimeeleza kila kitu, sikucheka hata mara moja. Imetazamwa na watu kumi na wanne, na ninamjua kila mmoja wao. Ile ya sekunde chache bado inazunguka. Sitaikamata tena. Kilichobaki ni yule binti aliyenyoosha mkono. Jumatatu nitamwita mbele ya wenzake, nimwombe radhi, nimwambie swali lake lilikuwa swali zuri, kisha nitalijibu tangu mwanzo hata kama kengele itagonga.

Nimeandika mpaka hapa nikidhani shangazi amelala. Amelala kitandani kwangu tangu tulipofika, amejifunika shuka hadi kidevuni pamoja na joto hili lote. Kumbe ananitazama.

"Kesho tunaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri, shangazi."

"Basi niamshe saa kumi," amesema, akageukia ukutani. "Mimi siogi mbiombio kama nyie watu wa mjini."