Msomi wa Mama Kulwa

Geita

Mke wangu Mama Neema,

Nakusalimu kutoka kwenye joto. Mvua bado inasita. Sisi walimu tuliopewa kazi ya sensa tunauliza watu wazima walifika darasa gani, ili hesabu ijayo ionyeshe kama waliosoma sekondari wanaongezeka. Leo mwanakijiji mmoja, Mama Kulwa, alitukaribisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa mgando, akasema, "Mwanangu Kulwa kamaliza sekondari. Mwandike."

"Analala hapa?"

"Ni karani Dar es Salaam. Lakini kitanda chake kipo, kila Jumamosi nakianika juani, kunguni wasikizoee."

Nilimweleza taratibu kwamba mtu huandikwa anakolala.

"Mwalimu, huko wasomi ni wengi. Akipungua mmoja watajua?"

Jirani yake akacheka. "Basi aandike kitanda."

Sikumwandika. Kijiji kimesomesha, na hesabu haitaonyesha hata mmoja wa wasomi wake. Imeniuma.

Nami nimeshaandikwa mtu wa huku. Wenzetu wa sensa wakifika kwetu, najua utawatajia elimu ya mumeo. Watakukatalia kwa adabu, usigombane nao. Waambie tu unaningoja.

Mumeo,
Baba Neema