Studi ya Tatu ya Kobe

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, kando ya gereji.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na huyo mtoto ambaye mpaka leo tunamjua kwa picha tu. Kile kikohozi kimekwisha? Na baridi ya huko umeizoea, au bado unalala na soksi? Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi wake ni mzima kabisa. Baba macho yanazidi kufifia. Namba za spana hazioni tena, anazitambua kwa kidole.

Mimi nina afya, ila mwezi huu nimekukumbuka vibaya mno. Nilifika mahali nikakiondoa kiti chako pale mlangoni, maana kila nikiingia nakiona kitupu. Siku ya pili nikakirudisha. Bila kiti ilikuwa mbaya zaidi.

Sasa habari ya Kobe wetu. Unajua lori hilo la Baba lilivyokuwa likivuja maji tangu ulipoondoka. Miaka kumi na moja Baba amemnywesha Kobe kwa kopo kila asubuhi, na akakataa injini isifunguliwe. "Aliyeharibu atakuja kutengeneza," ndilo lilikuwa jibu lake, na sote tulimjua anayesemwa. Mama akimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, anajibiwa kwamba lori haliugui. Basi wiki tatu zilizopita gasketi ikafumuka, maji yakaingia kwenye oili, oili ikawa kama chai ya maziwa. Baba akanipa ufunguo wa sanduku la spana bila kunitazama.

Usinicheke. Yule mtoto uliyekuwa ukimwomba spana kumi na tatu akakuletea kumi na nne, siku hizi ndiye fundi wa gereji hii.

Nilifungua hedi, kile kichwa cha injini, huku nikiiwaza ile siku ulipokuwa unamfunga Kobe. Ulikuwa unakaza nati taratibu, mara studi ya tatu, moja ya zile nondo zinazobana hedi kwenye bloku, ikaanza kuzunguka pamoja na nati, haishiki kitu. Hesi za tundu lake, ile mikato ya kuishika studi, zilikuwa zimekwisha. Wateja watatu wamesimama wanatazama. Baba akakunyang'anya spana, akasema mkono wako ni wa kuvunja, si wa kuunda, akafunga injini mwenyewe hivyo hivyo. Ijumaa yake ukaondoka na begi moja. Tangu hapo kila barua yako inauliza kama Kobe bado anavuja, wala hujawahi kuuliza kama unaweza kuja.

Sasa sikiliza. Nilipoing'oa hiyo studi ya tatu, ilitoka na waya wa shaba umezungushiwa chini kwenye hesi, mizunguko minne, umebanwa mpaka ukawa bapa. Unaujua ujanja huo: tundu limelika, fundi anajaza waya ili studi ishike siku mbili tatu. Nikacheka peke yangu. Kumbe kaka yangu naye ni mlaghai! Nikampelekea Baba kiganjani ili nimtanie.

Hakucheka. Aliupapasa waya kwa kidole gumba, akakaa kwenye kiti chako. Kisha akasema, "Waya huu ni wangu."

Aliuweka mwaka mzima kabla ya siku yako ile, Kaka. Mzigo ulikuwa unangoja naye ana haraka, akachomeka bomba kwenye mpini wa spana apate nguvu, akakaza mpaka hesi zikakatika. Akaficha kwa waya. Wewe ulikaza kama alivyokufundisha, ukakuta tundu limeshakufa. Anasema alijua palepale studi ilipozunguka, lakini watu walikuwa wanamtazama. "Nikamtupia mwanangu," akasema, "halafu nikaona haya kumfuata."

Nilimkasirikia. Siku nzima sikumsemesha, hata chai nikamwachia Mama ampelekee.

Kesho yake nikamkuta ameshapanga vifaa kwenye gunia, ananingoja. Fundi kerezo wa ng'ambo ya barabara alituchongea bushi tatu za chuma zenye hesi nje na ndani, maana matundu mawili jirani ya lile la tatu nayo yalikuwa yamechoka. Mimi nikatoboa matundu kuyapanua. Baba macho hana, lakini alishika pembe mraba kando ya drili, akapapasa wima wake kwa kidole na kunielekeza. "Umelala kushoto. Inuka. Hapo." Kukata hesi mpya kulituchukua asubuhi nzima: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, oili kidogo, puliza vumbi la chuma, anza tena. Hesi haitaki hasira, Kaka, nawe ndiye uliyenifundisha hivyo. Bushi zikaingia mpaka zikawa sawa na uso wa bloku. Baba akapitisha kidole, akarudia, hakupata pa kulalamika.

Kukaza nati nilitumia spana ya kupimia nguvu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu. Lile bomba Mama amelifanya la kuzuia mlango wa kuku.

Kobe akawaka nilipojaribu mara ya pili. Nilimwacha angurume nusu saa, nikaweka karatasi kavu chini yake. Ilibaki kavu. Mama akapiga vigelegele, fundi kerezo akatoka dukani kuangalia kuna harusi gani. Baba hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka, akasingizia moshi, na moshi wenyewe ulikuwa unaelekea upande mwingine.

Jioni akaniita niandike. Nilimwambia aseme tu, nitayapanga. Akakataa yasipangwe. Ni haya: "Mwambie mkono wa kuvunja ulikuwa wangu. Mwambie namwomba anisamehe, na asingoje macho yangu yaishe ndipo aje kunionyesha mtoto." Ule waya ameufunga mwenyewe kwenye karatasi, umo ndani ya bahasha hii.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama mkono wa mtoto nao ni wa kuunda. Fundi kerezo naye anakusalimu, anasema bado una kofia yake. Msalimie wifi, umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Mungu akulinde huko uliko, na njia ya kurudi akunyooshee.

Kobe havuji tena, Kaka. Sasa uliza lile swali jingine.

Mimi mdogo wako nikupendaye daima,

Kumi na Nne